Kutoka Mrao hadi Rashasha: Istilahi za Bunduki na Sheria ya Kasi ya Kufyatua

Neno la sheria lina uzito ambao neno la gazeti halina. Mwandishi wa gazeti akiiita silaha fulani rashasha, na mwenziwe akaiita bombomu, msomaji hadhuriki. Anafahamu kuwa inazungumzwa bunduki yenye kumimina risasi nyingi kwa muda mfupi. Lakini hakimu akiyakuta maneno hayo mawili katika hati moja ya mashtaka hana budi kusita. Je, silaha iliyowekwa mezani pake ni ile iliyokatazwa kabisa, au ni ile ambayo raia huweza kuimiliki kwa kibali? Na ikiwa mwenyewe aliinunua kwa halali, kisha akaitia kifaa cha kuiharakisha, imebaki kuwa ile ile au imegeuka nyingine?

Maswali haya hayakuwa yetu sana zamani, maadamu sheria za nchi ziliandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kilikuwa lugha ya kuzifafanulia tu. Mnamo 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo istilahi za silaha si pambo la kamusi tena. Mkulima wa Mchukwi, katika wilaya ya Kibiti, anayemiliki bunduki kwa kibali ili kulinda mihogo yake dhidi ya nguruwe, anastahili kuisoma sheria inayomhusu kwa lugha yake na kujua mpaka uko wapi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi Kiswahili kilivyoziita bunduki tangu zamani, jinsi sheria nayo ilivyozigawa, na mahali ambapo njia hizo mbili zimeachana.

Tumeuchagua ukanda wa Rufiji kwa sababu bunduki za kila zama zimepita huko: za misafara ya pembe, za Vita vya Maji Maji, za vita vya 1914 hadi 1918, na za maafa ya juzijuzi. Mchukwi ipo kandokando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Kibiti na kuendelea hadi Lindi. Hadi wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji, ilikuwa sehemu ya Rufiji.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno bunduki limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni jina la tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu, kisha likawa jina la kidonge cha kurushwa, na hatimaye chombo chenye kukirusha. Risasi ni jina la madini tu, yale mazito yenye kuyeyuka upesi. Mzinga ni gogo lililotobolewa wakae nyuki. Wazee wetu walipoona chuma kilichotobolewa mfano wa gogo hilo, hawakuhangaika kutafuta jina jipya. Hayo yote ni ya kawaida katika lugha zote. Linalotuvutia zaidi ni namna walivyozipambanua bunduki zenyewe.

Kamusi za kale za pwani zinatuhifadhia majina manne. Kuna bunduki ya mrao, yaani ile iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Kuna bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche ya jiwe. Kuna bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake hupiga kikopo kidogo chenye dawa ya kulipuka. Mwisho kuna bunduki ya viasi. Hili la mwisho ni jina la kupendeza sana. Kiasi ni kipimo. Mtu wa gobore alipima baruti yake, akaimimina mdomoni mwa mtutu, akaishindilia pamoja na risasi. Ilipokuja bunduki ambayo baruti na risasi vimekwisha kupimwa na kufungwa pamoja katika kijaluba cha shaba, kijaluba hicho kikaitwa kiasi, na bunduki yake ikaitwa ya viasi. Neno hilo limekufa midomoni mwa watu wa leo, nasi tunaona ni hasara.

Msomaji atazame kwamba majina yote manne hayasemi lolote juu ya ukubwa wa bunduki, wala nchi ilikotengenezwa, wala kazi yake. Yanasema jinsi moto unavyoifikia baruti na jinsi bunduki inavyojazwa. Na hilo ndilo lililoamua kasi. Mtu hodari wa gobore aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika, si zaidi. Mwenye bunduki ya viasi alipiga mara nyingi zaidi, tena akiwa amelala chini, jambo ambalo mwenye kushindilia hakuliweza kwa urahisi. Kwa hiyo wasemaji wa Kiswahili walikwisha kuzipanga silaha kwa kadiri ya kasi yake kabla hakujawa na sheria yoyote iliyowaamuru kufanya hivyo.

Sheria ilikuja mwaka 1890. Biashara ya silaha ilikuwa imefurika Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Zilikuwa zikiachwa na majeshi ya Ulaya, ambayo yalibadili silaha zao upesi upesi, na kila jeshi lililopata bunduki mpya liliuza za zamani. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa makubwa, pamoja na Sultani wa Zanzibar, yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha vilivyohusu sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Silaha zilizoboreshwa, hasa bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu, zilizuiwa zisiingie ila kwa kibali cha mtu mmoja mmoja aliyeweza kutoa dhamana kuwa hatamwuzia mwingine. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa.

Hapa twaona mgawanyo ule ule wa wazee wa pwani: gumegume upande huu, viasi upande ule. Tofauti ni kwamba sasa mgawanyo huo ulikuwa pia mgawanyo wa watu. Silaha ya pole ilibakizwa kwa Mwafrika, ya haraka ikawa ya mtawala na wa namna yake. Ilisemwa kuwa ni kwa ajili ya kuwakomesha wakamata watumwa, na hatukatai kwamba bunduki zilifanya madhara makubwa mikononi mwao. Lakini mkataba huo haukumzuia mkoloni kuja na kilicho cha haraka kuliko vyote.

Kitu hicho kilikuwa bombomu. Hiram Maxim aliibuni mwaka 1884, na uwezo wake ulikuwa kadiri ya risasi 600 kwa dakika, ikitumia nguvu ya msukumo wa risasi iliyotoka kujijazia risasi inayofuata. Henry Stanley alikuja nayo Afrika katika msafara wake wa 1887. Miaka kumi na minane baadaye ilikuwa ikiwangoja watu wa kusini mwa Tanganyika. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, Rufiji, tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, vita vikiwa bado vichanga. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliivamia boma ya Mahenge, wakakutana na bombomu uwanjani. Wapiganaji wa Maji Maji walikuwa na mikuki, mishale na magobore, yaani ile silaha iliyoruhusiwa kwao tangu 1890. Aghalabu historia hueleza kushindwa kwao kwa kuitaja dawa ya maji. Sisi tungependa kifungu cha Brussels kitajwe pia.

Neno bombomu lenyewe limetokana na mlio. Kwa mara ya kwanza bunduki haikuitwa kwa jinsi inavyojazwa wala inavyowashwa, kwa kuwa aliyeisikia hakuwa ameishika. Aliisikia kutoka mbele yake. Ni jina lililotungwa na mtu aliyekuwa akipigwa. Rashasha nayo, ambayo ni ya Kiarabu, ina asili ya kunyunyiza, jamaa moja na rasharasha, yaani manyunyu ya mvua. Nalo ni jina la mtu anayenyeshewa. Majina haya ni mazuri kwa ushairi na kwa taarifa ya habari. Kwa sheria hayatoshi, kwani mlio na manyunyu ni matokeo, na mahakama hutaka kujua kifaa kinafanya nini.

(Hapa tukumbuke mwindaji Frederick Selous, aliyeanza uwindaji wake kusini mwa Afrika kwa gobore kubwa la kushindiliwa, na akauawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, katika vita ambavyo bombomu ilikuwa silaha ya kila siku. Umri wa mtu mmoja ulitosha kuanzia gobore na kufikia bombomu.)

Baada ya Uhuru iliingia herufi tatu ambazo hadi leo zinawasumbua watunga istilahi: SMG. Herufi hizo kwa asili ni kifupisho cha Kiingereza cha bombomu ndogo yenye kutumia risasi za bastola. Lakini katika taarifa za polisi wetu SMG ni bunduki ya kivita ya jamii ya Kalashnikov, ambayo risasi yake si ya bastola hata kidogo. Wachina walipoitengeneza bunduki yao ya namna hiyo mwaka 1956 waliiweka katika fungu la bombomu ndogo, na jeshi letu lilipata silaha nyingi kutoka China katika miaka ya 1960 na 1970. Basi jina la fungu la Kichina, kwa herufi za Kiingereza, likawa Kiswahili cha kila siku. Watu wa Kibiti wanalijua mno. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliviziwa na kuuawa huko Mkengeni, na silaha zao zikachukuliwa. Kwa miezi mingi kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji na wananchi wengine wa wilaya hiyo waliuawa kwa risasi. Katika masikio ya watu hao, tofauti kati ya bunduki ya kupiga moja moja na ya mfululizo si jambo la vitabuni.

Sheria inayotutawala sasa ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Nyuma yake ipo Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mwanachama wake. Itifaki hiyo inazitaka nchi zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki ndefu zenye kufyatua mfululizo, zenye kujijaza zenyewe, na bombomu. Kwa hiyo mpenda shabaha au mwindaji wa Tanzania haoni mbele yake ule uwanja mpana wa mwenziwe wa Marekani. Hata hivyo tusidhani tumesalimika na swali la vifaa vya kuharakisha. Kifaa ni kitu kidogo; hupita katika mzigo bila kuitwa bunduki. Tena fundi wa chuma hahitaji kiwanda kikubwa ili kubadili alichokikuta. Swali la kuuliza ni hili: sheria yasema nini hasa inaposema bunduki ya mfululizo?

Hapa ndipo neno moja linapobeba mzigo wote. Mkataba wa Afrika wa Kuhifadhi Maumbile, uliotiwa sahihi Algiers mwaka 1968, ulizitaka nchi zizuie, kadiri iwezekanavyo, uwindaji kwa bunduki inayoweza kutoa risasi zaidi ya moja kila kifyatulio kinapovutwa. Kitenzi chake ni kuvuta. Sheria ya Uingereza ya mwaka huo huo wa 1968 ilizungumzia mkandamizo: bunduki iliyokatazwa ni ile ambayo kifyatulio kikikandamizwa risasi huendelea kutoka hadi kidole kiondolewe au magazini iishe. Mwaka 1988 maneno hayo yalibadilishwa, ikasemwa bunduki inayoweza kutoa risasi mbili au zaidi kwa kufuatana bila kukandamiza tena na tena. Na sheria ya Marekani ya 1934 ilichagua njia ya tatu: haikutaja kidole wala mkandamizo, bali ilisema risasi zaidi ya moja kwa kifyatulio kufanya kazi mara moja.

Kwa miaka mingi tofauti hizo zilionekana kuwa za mtindo tu. Kisha wakaja mafundi wa wapenda shabaha. Walitengeneza kitako ambacho hakikufungwa imara na bunduki. Bunduki huteleza mbele na nyuma ndani yake. Mpigaji hushikilia kidole mahali pamoja na kuisukuma bunduki mbele kwa mkono wa pili. Risasi ikitoka, msukumo wake huirudisha bunduki nyuma. Mkono huileta mbele tena. Kifyatulio hukigonga kidole. Risasi nyingine hutoka. Kidole hakijavuta ila mara moja, lakini kifyatulio kimefyatuka kila risasi. Tarehe 1 Oktoba 2017 huko Las Vegas mtu mmoja aliwapiga waliohudhuria tamasha la muziki, akitumia bunduki zenye vitako hivyo. Watu 60 walikufa. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba bunduki yenye kitako hicho ni bombomu kisheria, na hivyo imekatazwa.

Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika kesi ya Garland dhidi ya Cargill, iliitangua kanuni hiyo kwa majaji sita dhidi ya watatu. Jaji Clarence Thomas, akiwaandikia walio wengi, alitazama ndani ya bunduki: kifyatulio hurudi mahali pake na kufyatuka upya kwa kila risasi, basi hakifanyi kazi mara moja bali mara nyingi. Jaji Sonia Sotomayor, akiwaandikia waliopinga, alimtazama mpigaji: amevuta mara moja, na risasi zinaendelea. Hatuingilii hapa siasa ya nchi hiyo. Tunachosema ni kwamba upande wa Jaji Thomas ungepata taabu kubwa kama sheria ya 1934 ingetumia kitenzi cha Algiers.

Waingereza hawakutegemea kitenzi peke yake. Katika sheria yao ya silaha hatari ya mwaka 2019 walivitaja vitako hivyo waziwazi na kuvikataza, pamoja na aina fulani za bunduki ndefu zilizobuniwa ili mpenda shabaha apige haraka bila kuvunja maneno ya sheria ya zamani.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili kina kitenzi ambacho hakikutokana na bunduki hata kidogo, nacho ni fyatua. Asili yake ni mtego: mnyama akikanyaga, mtego hufyatuka, mtegaji akiuachia kwa mkono, ameufyatua. Ndiyo sababu twafyatua matofali, yaani twayaachia kutoka katika kalibu. Uzuri wa kitenzi hiki, kwa sheria ya silaha, ni kwamba viambishi vyake vinalitenga tendo la mtu na tendo la chombo bila maelezo marefu. Mtu hufyatua, chombo hufyatuka. Anayetafsiri sheria ya Marekani kwa uaminifu atasema, risasi zaidi ya moja kwa kifyatulio kufyatuka mara moja. Anayetafsiri mkataba wa Algiers atasema, kwa kuvutwa mara moja. Mfasiri asiyeijua historia hii huenda akaandika kufyatua mara moja katika sehemu zote mbili, akidhani amepata Kiswahili laini, kumbe amebadili sheria. Kwa maneno ya kwanza mwenye kitako cha kuteleza ataachiliwa. Kwa ya pili atafungwa.

Tumewahi kuona katika rasimu mbalimbali tafsiri ya bunduki ya kujiendesha kwa zile za mfululizo. Hatuiungi mkono. Kinachojiendesha ni gari lisilo na dereva. Bunduki inayojiendesha yampa msomaji picha ya silaha itembeayo yenyewe kijijini, na hiyo ingekuwa kesi nyingine kabisa. Otomatiki na nusu-otomatiki zinafahamika, lakini nusu hiyo haimwambii mtu wa Mchukwi ni nusu ya nini.

Maoni yetu ni kuirudia njia ya wazee waliotupa mrao, gumegume, fataki na viasi, yaani kuitaja silaha kwa jinsi inavyofanya kazi. Bunduki ambayo mpigaji huijaza kwa mkono kila risasi iitwe bunduki ya kujazwa. Ile ambayo hujitilia risasi nyingine lakini hungoja kuvutwa tena iitwe bunduki ya kujijaza. Ile ambayo huendelea kutoa risasi kwa mvuto mmoja iitwe bunduki ya mfululizo. Bombomu na rashasha zibaki kuwa majina ya kawaida ya silaha kubwa na ndogo za jamii hiyo ya mwisho, wala zisitumiwe katika vifungu vya makosa. Gobore libaki gobore. Hakuna haja ya kulisanifu lililo wazi. Sehemu inayovutwa kwa kidole iitwe kifyatulio, ingawa wengi husema triga, na neno mtambo wa bunduki liachwe kwa ufundi mzima wa ndani, kama kamusi za kale zilivyolitumia. Kifaa kilicholeta kesi ya 2024 tungekiita kitako telezi.

Katika ufafanuzi wa bunduki ya mfululizo tunapendekeza maneno yafuatayo yafikiriwe na wanasheria: bunduki ambayo, ilivyo au ilivyobadilishwa au ilivyoongezewa kifaa, huweza kutoa risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la kidole cha mpigaji. Tumetaja kidole kwa makusudi, kwa kuwa mkono wa pili ndio mlango walioutumia mafundi wa kitako telezi. Tumetaja pia kubadilishwa na kuongezewa, ili mwenye kibali ajue kabla ya kwenda kwa fundi kwamba kibali chake ni cha bunduki aliyoionyesha polisi, si cha ile itakayotoka karakanani.

Lipo pingamizi moja tunaloliona tangu sasa. Wapo watakaosema kuwa tendo moja la kidole ni gumu kuthibitishwa mahakamani kuliko kufyatuka kwa chombo, ambako mtaalamu wa silaha huweza kukufungua na kukuonyesha. Ni kweli. Lakini mtaalamu huyo huyo anaweza kuifyatua bunduki mbele ya shahidi na kuhesabu matundu kwenye ubao. Wasomaji wenye istilahi nyingine za kifyatulio zinazotumika Rufiji, Mafia na Kilwa, hasa miongoni mwa wawindaji na wahunzi, watuletee pamoja na mfano wa sentensi, jina la kijiji na kadiri ya umri wa msemaji.